Je, michezo ya kompyuta ya kujenga miji inamfaa mtoto wa miaka 10?

Mzazi wa Buhongwa

Salaam kwenu, wakubwa kwa wadogo. Mwanangu wa kiume ana miaka 10 na yuko darasa la tano. Likizo hii mjomba wake alimwekea kwenye kompyuta ya nyumbani mchezo uitwao Cities: Skylines, na tangu siku hiyo habari ya chandimu imekwisha. Akirudi twisheni anachora barabara, anagawa viwanja, anavuta umeme, na wakati wa kula huitwa mara tatu. Mchezo hauna bunduki wala damu, na kwa hilo peke yake nilikuwa nimeridhika.

Kilichonifanya niandike ni jambo la juzi jioni. Alinivuta mkono nikautazame mji wake, nikakuta alama za wagonjwa zimejaa juu ya mapaa, nyumba kwa nyumba, naye haelewi sababu kwa kuwa zahanati amejenga. Tulikaa karibu nusu saa ndipo tukagundua kwamba bomba la maji taka amelielekeza mtoni, juu kidogo ya mahali pampu yake inapovuta maji ya kunywa. Alipolihamishia chini ya mkondo, wagonjwa walianza kupungua. Kisha akaniuliza, kuhusu mto wa hapa kwetu Mwanza, swali ambalo sikulijibu vizuri: "Baba, Mirongo unamwaga wapi, na sisi maji yetu yanavutwa wapi?"

Naomba mnisaidie. Je, hiyo ni elimu ya kweli, au ni bahati iliyotokea siku moja na siku nyingine zote mtoto anapoteza macho yake tu?

Mwalimu wa Jiografia, Nyegezi

Ndugu mzazi, mjibu mtoto hivi: Mirongo unapita katikati ya jiji, ukipokea maji ya mvua kutoka vilimani pamoja na kila kinachotupwa humo, kisha unamwaga ziwani. Maji ya bomba nayo kwa miaka mingi yamevutwa ziwani humohumo, pale Capripoint, na sasa kuna chanzo kipya cha Butimba. Mchezo umemfundisha kuhamisha bomba chini ya mkondo, lakini ziwa halina "chini ya mkondo" ambako unaweza kupeleka uchafu ukausahau. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ila kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na ghuba yetu ina kina kifupi zaidi. Ndiyo maana maji lazima yasafishwe kabla ya kuingia kwenye mabomba, na maji taka yatibiwe kabla ya kurudi ziwani. Mwulize pia maji yanapandaje hadi nyumba za mlimani, naye atafika mwenyewe kwenye pampu, matangi na gharama ya umeme.

Kuhusu elimu, nimeona jambo moja darasani. Wanafunzi wanaocheza michezo hii huelewa upesi kwamba kosa la leo linaweza kuleta matokeo baada ya muda mrefu, tena mahali pengine kabisa. Mmoja wao alitueleza kwamba katika mji wake kupanua barabara hakukuondoa foleni, kwa sababu magari yote yalikutana kwenye njiapanda moja, na darasa zima likacheka kwa kuwa kila mmoja alikuwa anafikiria Buzuruga.

Mama wa Pasiansi

Mimi nitasema kwa kifupi. Msichanganye michezo ya kompyuta na ile ya simu. Iko ya simu ambayo mtoto akianza ujenzi huambiwa asubiri saa kadhaa, au alipe ili jengo likamilike papo hapo. Wangu alilipa, na alilipa kutoka kwenye simu yangu. Sitautaja mchezo wenyewe, lakini mzazi anayemkabidhi mtoto simu yenye pesa ndani hana wa kumlaumu. Nasema hivyo nikijilaumu mwenyewe.

Mstaafu wa Mipango Miji, Ilemela

Nimechora ramani za viwanja kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mrefu.

Mchezo ulioanzisha ukoo huu ni SimCity, uliotolewa mwaka 1989 na Mmarekani Will Wright. Yeye alikuwa akitengeneza mchezo wa helikopta ya kulipua visiwa, akagundua kwamba kuvijenga visiwa kunamfurahisha kuliko kuvilipua. Katika kutafuta jinsi mji unavyofanya kazi alisoma nadharia za Jay Forrester wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambaye mwaka 1969 alikuwa amechapisha kitabu kilichojaribu kuueleza mji kwa milinganyo ya kompyuta, nacho kilipingwa sana na wataalamu wa miji. Nayasema haya kwa sababu mtoto hudhani kwamba kompyuta inamweleza mji ulivyo, kumbe inamweleza mji ulivyodhaniwa na mtengenezaji.

Tazameni dhana hizo. Ardhi ni tupu mchezo unapoanza. Makazi yana eneo lake, biashara lake, viwanda lake, wala hakuna mtu anayeishi nyuma ya duka lake kama tunavyoishi Mabatini au Igogo. Wamachinga hawapo, mama ntilie hawapo, na daladala haisubiri ijae. Mchezaji ni meya, mhandisi na mweka hazina kwa wakati mmoja, na hakuna mkutano wa mtaa wa kumzomea.

Linalonisumbua zaidi ni buldoza. Mtoto akitaka kunyoosha barabara, anabofya na mtaa unatoweka. Kwetu nyumba zilitangulia ramani. Ukipanda Bugando utaziona zimekaa juu ya majabali ambako hakuna mchoraji angethubutu kuweka kiwanja, na kazi yetu ikawa kurasimisha kile ambacho watu walikwisha kukijenga. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Katika kazi yangu, kutafuta mstari wa barabara kulichukua siku chache. Kuzungumza na wenye nyumba kulichukua miezi, na wakati mwingine mzee mmoja mwenye mwembe wake alitushinda sote.

Mwaka 2010 kijana wa Ufilipino aliyesoma usanifu majengo, Vincent Ocasla, alionyesha mji aliouita Magnasanti, alioujenga katika SimCity 3000 hadi ukafikia wakazi milioni 6. Kwa hesabu za mchezo alikuwa ameshinda. Lakini mji huo hauna hospitali, moshi umeufunika, polisi wako kila kona, na wakazi wake hufa mapema. Kijana alikusudia kuonyesha hilo hasa. Mwonyeshe mwanao picha za mji huo, umuulize kama angependa bibi yake aishi humo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, acheze, ila asicheze peke yake kila siku.

Fundi wa Kompyuta, Makoroboi

Nakubaliana na mzee wangu, naongeza ya vyombo tu. Cities: Skylines inataka kompyuta yenye nguvu, kwenye mashine ya kawaida itaunguruma na kuchemka, hasa mji ukishakuwa mkubwa. Mwenye kompyuta ya zamani atafute Micropolis, ambayo ni SimCity ile ya kwanza. Msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2008, kwa hiyo ni bure na hailazimu kununua bando kila siku. Michoro yake ni duni lakini hesabu zipo zote. Maandishi ni ya Kiingereza, na hilo kwa mtoto wa darasa la tano ni kikwazo, au ni twisheni ya ziada, kutegemea nani amekaa pembeni yake. Na mfundisheni kuhifadhi kazi mara kwa mara, kwa maana umeme ukikatika, mji wa wiki nzima unaweza kupotea na kilio chake mtakisikia hadi kwa jirani.

Mzazi wa Buhongwa

Nawashukuru nyote, na kwa mzee wangu wa Ilemela natoa shikamoo. Jumamosi tulishuka mjini, tukasimama darajani tukautazama Mirongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na chupa za plastiki zilipita zikielekea ziwani. Alijaribu kuzihesabu, akaishia 60 na kitu, kisha akauliza kwa nini hakuna wavu.

Nyumbani tumekubaliana saa moja kwa siku, na kwamba kabla ya kubomoa aandike daftarini ni kaya ngapi zitaondoka na zitahamia wapi. Mara mbili ameandika. Mara ya tatu alitazama daftari, akaamua barabara izunguke mtaa. Sasa imepinda kama njia ya kupandia mlimani, na foleni iko palepale.