Mafundi mnaozima ukaguzi wa ufunguo wa SSH, njooni muone mlichotufanyia Kasumbalesa

Wandugu, jambo yenu. Niko Lubumbashi, Kongo, kazi yangu ni kuhudumia seva, na leo naandika kwa hasira. Nimengoja siku nne ipungue. Haijapungua.

Kinachoniudhi ni mstari huu:

host_key_checking = False

Mmeuona. Karibu kila somo nililolisoma la Ansible (chombo cha kupanga mashine nyingi kwa mkupuo), la Kifaransa au la Kiswahili, linauweka mwanzoni kabisa mwa faili lake la mipangilio, ansible.cfg, kabla mwanafunzi hajaunganisha hata mashine ya kwanza. Maelezo yake ni mafupi: weka hivi ili isikuulizeulize. Isikuulize nini? Hawasemi. Inauliza kama mashine unayoiingia ndiyo ile unayoidhania. Ni hilo tu. Na sisi tumefundishana kulinyamazisha swali hilo kama mtu anavyopiga mbu.

Sasa sikilizeni.

Tunahudumia depo za dawa 14. Katika kila depo kuna kompyuta ndogo chini ya kaunta, na ndani yake hifadhidata ya stoki: dawa gani imeingia, gani imetoka, gani inakaribia kuisha muda. Nyingi ziko hapa mjini, kwenye komini za Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi. Nyingine ziko Likasi, mbili Kolwezi, moja Kasumbalesa karibu na mpaka. Zote zinarudi ofisini kwetu kwa VPN, yaani mtandao wetu wa faragha, na mimi nikiwa mezani nazipanga kwa Ansible: pleibuku, yaani faili la maagizo, inaingia kwa SSH (njia ya siri ya kuendesha mashine ya mbali), inasakinisha, inarekebisha, inatoka. Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Bila hiyo kila badiliko dogo lingenipeleka Kolwezi, karibu kilomita 300 za barabara, na kibodi mfukoni.

Mfumo huu sikuujenga mimi. Aliujenga fundi aliyenitangulia, akalipwa, akaenda zake. Makabidhiano yalikuwa faili moja la zip kwenye WhatsApp: pleibuku, orodha ya mashine, hati ya makabidhiano, na ufunguo mmoja wa siri. Ufunguo huo huo mmoja kwa depo zote 14, na pia kwa mashine ya majaribio iliyoko hapa ofisini. Haukuwa na neno la siri la kuulinda. Umepita kwenye simu za watu wangapi, Mungu anajua. Nilipomwomba patroni, bosi wetu, tuubadilishe aliniambia, "Kijana, inafanya kazi, usiiguse." Nikatii. Hilo ni kosa langu na ninalijutia.

Alhamisi jioni delestaji, yaani mgao wa umeme, ikatupiga. Grupu (jenereta) haikuwa na mafuta, betri zikashikilia kwa muda, zikaisha, seva ya VPN ikazima. Umeme uliporudi kama saa mbili usiku, kila kitu kikajiwasha chenyewe na depo zikajiunga tena moja baada ya nyingine. Nikaona zote zipo, nikashukuru. Nilikuwa na toleo jipya la programu ya stoki la kujaribu, kwa hiyo nikaendesha pleibuku ya kusafisha mashine ya majaribio. Hiyo inafuta hifadhidata, inaiunda upya ikiwa tupu, inaweka data chache za mfano. Nimeshaiendesha mara nyingi sana. Matokeo yakaja: changed=7, unreachable=0, failed=0, yaani hakuna kilichoshindikana. Nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani kula bukari, ugali wetu.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, Mama anayesimamia depo ya Kasumbalesa akanipigia. Siku hiyo hakuulizia watoto. "Papa, mashine inaniambia nina paracetamol boksi kumi, basi. Dawa zangu zingine ziko wapi?"

Boksi kumi za paracetamol ndizo data zangu za mfano.

Nikahisi tumbo linakatika. Nilichokuja kukigundua ni hiki. Fundi yule aliweka OpenVPN bila kufunga anwani kwa jina la kila mashine. Seva inapowaka upya, anwani zinagawiwa kwa anayefika kwanza. Kwa miezi mingi betri zilitosha, seva haikuzima, kila depo ikabaki na anwani yake, na sote tukadhani ni ya kudumu. Usiku ule zilijiunga kwa mpangilio mwingine. Anwani 10.8.0.6, ambayo kwenye orodha yangu inaitwa "majaribio", ikachukuliwa na Kasumbalesa. Niligonga mlango wa majaribio, Kasumbalesa ikafungua. Ufunguo wangu ukakubaliwa kwa sababu ni mmoja kila mahali. Ansible ikanyamaza kwa sababu iliamriwa inyamaze. Na kazi yote ikafanyika bila doa, kwenye mashine ambayo si yake.

Bekapu iliyokuwepo ilikuwa ya siku tisa nyuma. Mama na wasaidizi wake wawili walikaa siku tatu na bon (stakabadhi) za karatasi wakihesabu rafu moja moja, huku wagonjwa wamepanga foleni nje. Kuna dawa za kisukari kwenye depo ile. Kuna watu waliorudishwa nyumbani siku ya Ijumaa kwa sababu hakuna aliyejua boksi lipi limebaki na limebaki ngapi. Kwa hiyo msije kuniambia huu ni mjadala wa mafundi.

Najua watakaosema: lakini ilikuwa ndani ya VPN, mwizi angetoka wapi? Hakukuwa na mwizi! Ndiyo maana naandika. Tumezoea kufundisha ukaguzi huu kama kinga dhidi ya mtu mbaya anayejiweka katikati, na kweli ndiko ulikotoka. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 baada ya mtu kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake kule Finland. Lakini kwa sisi tunaopanga mashine nyingi kwa mkupuo, ufunguo wa seva una kazi nyingine ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha: unatukinga na makosa yetu wenyewe. Anwani ni nambari ya kiti, yeyote anaweza kukikalia. Ufunguo wa seva ndio uso wa aliyekaa. Pleibuku inayofuta hifadhidata bila kutazama uso haifai kuendeshwa hata kwenye mtandao wa chumba kimoja.

Na bado sijamaliza, maana kuna jambo lililoniuma zaidi.

Jumamosi niliwasha ukaguzi. Nikasema nitakusanya alama ya kila mashine, yaani ule ufupisho wa ufunguo wake unaoanza na SHA256, niuweke kwenye known_hosts, faili la seva zinazojulikana. Mashine ya kwanza, sawa. Ya pili, alama ile ile. Ya tatu, ile ile. Zote 14 na ya majaribio zina alama moja! Fundi alisakinisha mashine moja, akanakili diski yake mara nyingi, na funguo za seva zilizomo kwenye /etc/ssh zikanakiliwa pamoja. Maana yake ni kwamba hata kama ningekuwa nimewasha ukaguzi usiku ule, usingeona kitu. Watu kumi na watano wenye uso mmoja. Dawa yake ni amri mbili: futa mafaili ya ssh_host_ kwenye kila nakala, halafu ssh-keygen -A inatengeneza mapya. Hazichukui dakika moja. Hakuzifanya, na kwa kuwa ukaguzi ulikuwa umezimwa, hakuna ambaye angegundua. Mstari ule mmoja uliufunika uzembe mwingine wote.

Kuna mahali fundi yule alipoandika pia, kwa maandishi makubwa kwenye hati ya makabidhiano, kwamba kuingia kwa neno la siri kumefungwa. Nikafungua sshd_config, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva, kweli, chini kabisa kuna PasswordAuthentication no. Nikaendesha sshd -T, ambayo inaonyesha mipangilio inayotumika kweli: yes. Kwenye Ubuntu faili hilo linaanza kwa kuyaita mafaili ya sshd_config.d, na mle ndani lipo 50-cloud-init.conf linalosema yes. SSH inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, zinazofuata haizisikilizi. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na juu yake kibao kinachosema umefungwa. Tafadhali, yeyote anayesoma hapa, endesha sshd -T kwenye seva zako leo, usiamini ulichokiandika.

Nilichokwisha kufanya, kwa wale watakaouliza. Anwani za VPN nimezifunga kwa kila mteja kupitia client-config-dir, kwa hiyo hazihami tena. Kila mashine ina funguo zake mpya. Kwenye ~/.ssh/config kila depo ina HostKeyAlias yake, ili alama ifungwe na jina la depo, si na anwani. Majaribio ina ufunguo wake wa kuingilia, tofauti kabisa, wa aina ya ed25519, na ule wa depo una neno la siri na unakaa kwenye ssh-agent yangu tu, programu inayoshika funguo. Pleibuku ya kufuta inaanza kwa assert: jina ambalo mashine inajiita lisipolingana na jina lililo kwenye orodha, inakufa hapo hapo. Na faili la SSH likibadilishwa, linapimwa kwanza kwa sshd -t, tena kwa serial: 1, depo moja moja. Kwa kawaida Ansible inakwenda na mashine tano kwa wakati mmoja, na ukikosea mlango utajifungia nje ya tano kabla hujashtuka.

Kuhusu alama zenyewe, msinishauri ssh-keyscan, amri inayoiomba seva ufunguo wake kupitia mtandao. Nimeona masomo yanayoweka ssh-keyscan ndani ya pleibuku, inajaza known_hosts upya kila inapoendeshwa, halafu mwandishi anasema "sasa uko salama". Hapana. Hiyo ni kumuuliza mgeni jina lake na kuandika chochote anachojibu, kila siku upya. Alama inatakiwa ije kwa njia nyingine. Kwa depo za mjini nimepita mwenyewe, nikasoma kwenye skrini. Likasi alikwenda yaya mmoja, yaani mkubwa wetu kwa umri, tunayefanya naye kazi. Kasumbalesa, Mama mwenyewe alifungua terminali kwa maelekezo yangu na kunisomea kwa simu herufi 43, moja moja, "S kubwa, t ndogo, tisa, alama ya kujumlisha". Laini ilikatika mara mbili na tukaanza upya. Mega zake za simu, muda wake, baada ya yote tuliyomfanyia, na hakunikaripia. Nilitamani anikaripie.

Ninyi mnaoandika masomo, nawaomba jambo moja kwa nguvu zote. Nendeni mkaufute mstari ule. Kama mnaona swali la mara ya kwanza linamchosha mwanafunzi, mpeni StrictHostKeyChecking=accept-new. Ipo tangu OpenSSH 7.6 ya mwaka 2017. Inapokea mashine mpya bila kuuliza, lakini ile inayojulikana ikija na uso mwingine, inagoma. Siyo kamili, ila mwanafunzi atabaki na kinga, na hakuna kitakachomsumbua. Miaka yote hii mnanakiliana False kutoka ukurasa hadi ukurasa, na wanafunzi wenu ndio wanaokuja kuajiriwa kwenye depo za dawa.

NYONGEZA: Kuna ndugu ameniandikia kwamba mwenye makosa ni mimi niliyebonyeza. Ndiyo, nilibonyeza mimi, na nimemwambia hivyo patroni na Mama wa Kasumbalesa kwa mdomo wangu. Lakini mfumo ambao mtu mmoja aliyechoka, saa mbili usiku baada ya delestaji, anaweza kufuta stoki ya depo nzima na skrini ikamwambia failed=0, huo umejengwa vibaya, na aliyeujenga alilipwa.

Wanaouliza kuhusu Kolwezi: zile mbili bado. Hakuna mtu kule wa kunisomea alama hadi wiki ijayo, kwa hiyo nimezitoa kwenye VPN kabisa, wanafanya kazi peke yao na bekapu wanaiweka kwenye fleshi kila jioni. Patroni hakupenda. Jumanne napanda gari.