Naomba ushauri: timu yangu ya NBA imeanza msimu vibaya, niiache au nisubiri?

Chuma cha Mbele:
Wakuu, salaam. Tuna kikundi cha utabiri ambamo kila mshiriki huchagua timu moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kabla ya msimu kuanza mwishoni mwa Oktoba, kisha hujipatia pointi kwa kila ushindi wa timu hiyo hadi mechi ya 82. Kanuni zinaruhusu kuhama mara moja tu, kabla ya Novemba kwisha. Timu yangu imecheza mechi kumi na moja na imepoteza nyingi kuliko ilizoshinda. Hata hivyo, linalonikosesha usingizi ni namna inavyocheza: mpira unakwama mikononi mwa mtu mmoja hadi zile sekunde 24 za kila shambulizi zinakaribia kwisha, wenzake wawili wamesimama kwenye kona wakimtazama, na ukipotea hakuna anayekimbia kurudi kukaba. Hata mitupo ya pointi tatu ambayo haina mkabaji inagonga chuma. Sitaitaja timu, kwa kuwa wenzangu wa kikundi huenda wanasoma hapa. Je, mechi hizi za mwanzo zinatosha kuihukumu?

Mzee wa Ribaundi:
Mwanangu, Chicago Bulls walianza msimu wa 2004/05 kwa kupoteza mechi tisa mfululizo, na bado wakaumaliza na ushindi 47 na kuingia kwenye mchujo wa kuwania ubingwa. Mimi niliwatazama tangu mwanzo, na majirani walinicheka hadi Desemba. Vijana wa siku hizi mnataka timu iliyokwisha kuiva. Uaminifu wa shabiki hupimwa Novemba, wakati hakuna cha kujivunia.

Kapu Tupu:
Mzee, kaka huyu hakuomba kufundishwa uaminifu. Detroit Pistons msimu wa 2023/24 walishinda mechi mbili kati ya tatu za kwanza, kisha wakapoteza 28 mfululizo. Waliosubiri kwa uaminifu wanaendelea na matibabu.

Bi Takwimu:
Ndugu mwuliza, umechanganya mambo mawili ambayo hayana uzito sawa. Mitupo ya pointi tatu hubadilika sana katika mechi chache. Timu inayopata nafasi nzuri na kukosa leo inaweza kuzifunga zote mwezi ujao bila kocha kubadilisha lolote, kwa hiyo hilo nisingelihesabu kabisa. Mpira kukwama na watu kutorudi kukaba ni jambo zito zaidi, kwa sababu ni mazoea, na mazoea hayajirekebishi yenyewe. Lakini mpira haukwami bila sababu. Ni nani kwa kawaida huanzisha mashambulizi ya timu hiyo, na je, yupo uwanjani?

Chuma cha Mbele:
Nashukuru, dada. Kuhusu waanzishaji, kocha amekuwa akibadilisha kikosi mara kwa mara. Nadhani tatizo kubwa zaidi ni ukabaji.

Bi Takwimu:
Swali langu halijajibiwa. Yupo, au hayupo?

Chuma cha Mbele:
Hayupo. Aliumia kifundo cha mguu kabla ya mechi ya pili na taarifa ya timu inasema atarudi mwezi ujao. Sikulitaja kwa sababu naona linatumiwa kama kisingizio: timu yenye kina haipaswi kuporomoka kwa kukosa mchezaji mmoja. Nimeitazama bila yeye siku tatu mfululizo, ikapoteza mechi zote tatu kwa kosa lile lile. Tena, nisiwafiche, nimekwisha kumwandikia katibu wa kikundi kwamba nakusudia kuhamia timu ambayo hadi sasa imepoteza mechi moja tu.

Mzee wa Ribaundi:
Kumbe ulikuja hapa kutafuta mashahidi wa ndoa iliyokwisha kufungwa.

Dada wa Robo ya Nne:
Indiana Pacers walianza msimu wa 2024/25 kwa ushindi kumi katika mechi 25, huku Aaron Nesmith na Andrew Nembhard wakiwa nje kwa majeraha kwa sehemu ya kipindi hicho. Waliporejea timu ilikuwa nyingine kabisa. Ilimaliza na ushindi 50 na kufika fainali, ikafungwa na Oklahoma City katika mechi ya saba. Katika safari hiyo waliwaondoa Cleveland, walioanza msimu huo huo kwa kushinda mechi 15 bila kupoteza. Kwa hiyo tahadhari na hiyo timu yako ya kupoteza mechi moja.

Bi Takwimu:
Mfano wa Pacers unafaa, wa Cleveland haufai. Cleveland walishindwa kwenye mchujo, lakini katika msimu wa kawaida walimaliza na ushindi 64, na kikundi cha ndugu yetu kinahesabu msimu wa kawaida. Aliyewachagua wao alivuna kuliko aliyewachagua Pacers. La kuuliza ni hili: ukihama, unapewa na ushindi ambao timu mpya imekwisha kuupata?

Chuma cha Mbele:
La. Pointi za timu mpya huanza kuhesabiwa siku ya kuhama.

Bi Takwimu:
Basi mwanzo wao mzuri haukuongezei kitu. Unalinganisha timu mbili kwa mechi zilizobaki tu, na mojawapo itampata tena mchezeshaji wake ikiwa bado na zaidi ya mechi hamsini.

Mpiga Filimbi:
Samahani kwa kuingilia, lakini mimi nina shaka na mkasa wote huu. Siku hizi NBA haiipangii timu moja mechi tatu katika siku tatu mfululizo. Hilo lilifanyika msimu wa 2011/12, uliofupishwa hadi mechi 66 kutokana na mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Timu haitajwi, mchezaji hatajwi, na ratiba haiwezekani. Huyu anatunga ili tumjadilie hadithi.

Kapu Tupu:
Nami nimeanza kuona kwamba huyo majeruhi ndiye peke yake aliyepumzika katika hadithi hii.

Chuma cha Mbele:
Situngi. Mechi huchezwa saa ambazo nimelala, kwa hiyo hutazama marudio, na wiki iliyopita nilitazama moja kila siku kwa siku tatu. Sikusema kwamba zilichezwa siku hizo.

Mpiga Filimbi:
Marudio kamili, au yale yaliyofupishwa?

Chuma cha Mbele:
Yaliyofupishwa. Yanaonyesha vikapu vyote, na hilo linatosha kabisa kwa mtu anayeujua mchezo.

Dada wa Robo ya Nne:
Yanaonyesha vikapu, lakini hayaonyeshi aliyemfungulia mwenzake njia sekunde kumi kabla, wala aliyechelewa kurudi kukaba na akasalimika kwa sababu mpinzani alikosa. Na hao wa kwenye kona, umejuaje kwamba husimama tu? Makocha wengi huwaweka hapo kwa makusudi ili kuwavuta wakabaji mbali na kikapu, na mpango huo hauzai kitu pale anayepaswa kupenya katikati anapokuwa amefungwa bandeji.

Bi Takwimu:
Tazama mechi moja nzima, hasa dakika ambazo mlinzi wa akiba anaongoza. Ukiona pasi zinatembea na wakabaji wanarudi, subiri. Ukiona uzembe hata hapo, hama, lakini hama siku za mwisho za Novemba, maana hakuna zawadi ya kuwahi na huenda taarifa ya jeraha ikabadilika.

Chuma cha Mbele:
Nitajitahidi, ingawa katibu anasubiri jibu langu leo na sipendi kuonekana kigeugeu. Kwa kweli moyo wangu umekwisha kuhama.

Mgeni wa Pembeni:
Nimejiandikisha sasa hivi ili niandike haya tu. Mpiga Filimbi, hatungi. Niko naye kwenye kikundi hicho na barua yake kwa katibu nimeiona. Kaka, thibitisha kuhama kwako mapema, kwa sababu kanuni haziruhusu watu wawili kushika timu moja, nami nimekwisha kuomba hiyo unayoiacha.