Matumbawe yamejikunja, konokono wanakufa, na vipimo viko sawa. Naombeni ushauri

Kasa Mpole: Wakuu habari zenu. Usingizi sina. Nina tangi la maji chumvi la lita 300, linaingia mwezi wa nane. Tangu Jumapili matumbawe laini yamejikunja, hayafunguki hata taa ziwake mchana kutwa. Jumatatu asubuhi nimekuta konokono wanne chali mchangani na kamba mmoja amekufa. Leo Ijumaa hali ni ileile. Nimepima: amonia 0, nitriti 0, nitrati 15, alkalini 8.5, chumvi 1.025, joto nyuzi 26. Swali langu: nibadilishe maji yote kwa mpigo, au niongeze bakteria wa chupa?

Pweza wa Kina: Maji unatoa wapi? Kama ni ya bomba, acha mara moja. Kloramini haitoki kwa kuachwa usiku kucha kwenye ndoo, na dawa ya kuondoa klorini ikiivunja inabakiza amonia. Weka chujio la RO (linalosukuma maji kwenye utando mwembamba) lenye hatua ya DI (resini ya kunasa madini yaliyobaki), TDS, yaani kipimo cha vilivyoyeyuka majini, isome 0.

Kasa Mpole: Natumia RO/DI mkuu, TDS ni 0. Nimebadili vichujio mwezi uliopita.

Ngisi Mzee: Pole sana. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najazia maji yanayopungua kwa maji ya chumvi. Sikujua kwamba kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Hidromita yangu ya sindano, ile ya kupimia chumvi, ikawa inasoma 1.025 kila siku, na mimi naiamini. Siku nilipoazima refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda, ikasoma 1.032. Niliondokewa na tumbawe nililolilea tangu likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na hadi leo nikiona kama lile moyo unashtuka. Pima upya kwa refraktomita uliyoirekebisha kwa maji maalumu ya 35 ppt (gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji).

Kasa Mpole: Natumia refraktomita hiyohiyo, nimeirekebisha jana.

Mama wa Miamba: Samahani nitasema ukweli. Samaki wa baharini akiona maji mabaya anaogelea kwenda kwingine. Tumbawe na konokono wa tangini hawana pa kwenda, wanategemea akili yako tu. Watu wanajaza viumbe wiki ya pili wakati bakteria wa kula amonia hawajakamilika, kisha wanaleta uzi. Mleta uzi, usichukie.

Chumvi Kali: Dada, tangi lake lina miezi saba, hilo halimhusu. Hebu tuangalie vipimo. Amonia sifuri, chumvi sawa, joto sawa. Wanaokufa ni konokono na kamba, samaki hujawataja. Wako wazima? Na wiki hii umeweka nini ndani ya hayo maji?

Kasa Mpole: Samaki wanakula. Sijaweka kitu, chakula tu cha kawaida.

Chumvi Kali: Dawa?

Kasa Mpole: Kuna dawa kidogo ya madoa meupe. Nimeiweka Jumatano jioni, nusu ya kipimo.

Chumvi Kali: Soma kibandiko. Ina shaba?

Kasa Mpole: Imeandikwa salfeti ya shaba. Lakini wakuu nielewe, samaki wangu wa mistari alikuwa anahemea juu ya maji, mwili mzima umejaa madoa, nisingeweza kukaa namtazama. Aliyeniuzia alisema nusu haina madhara. Na imemsaidia, madoa yamepungua. Chupa ya pili ninayo tayari, nawaza nimalize siku 14 kisha nisafishe maji.

Chumvi Kali: Usiifungue. Madoa kupungua si kupona. Kile kidudu kinacholeta madoa hujidondosha chenyewe, kinajifunika ganda mchangani, kisha wanatoka wengi zaidi. Shaba inaua wale wanaoogelea tu. Kwa salfeti ya shaba unahitaji miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, bila kushuka, wiki kadhaa, na kwenye tangi lenye mawe haikai: mawe na mchanga vinainasa. Kwa hiyo nusu yako haikutosha kuua kidudu, ila ilitosha kuua konokono.

Dagaa Mkavu: Ngojeni kwanza. Matumbawe yalijikunja Jumapili, konokono walikufa Jumatatu, dawa kaweka Jumatano. Shaba iliua siku mbili kabla haijafika? Hii ni chai. Mnapoteza muda wenu, huyu hana tangi.

Pweza wa Kina: Hapo kweli. Hata mimi nimeshangaa mtu mwenye refraktomita hajui shaba.

Ngisi Mzee: Tumpe nafasi ajibu. Mtu akifiwa na viumbe wake siku zinamchanganya.

Kasa Mpole: Tangi ninalo. Sikuchanganya siku, nilificha. Dozi ya kwanza niliweka Jumamosi usiku. Ya Jumatano ilikuwa ya pili. Konokono walishakufa na bado nikaongeza, kwa sababu samaki alianza kula na nikajiambia wale walikufa kwa jambo jingine. Nilijua mtaniuliza kwa nini niliongeza.

Mama wa Miamba: Asante kwa kusema. Tuokoe waliobaki.

Chumvi Kali: Basi fanya hivi leo. Changanya maji mapya ya chumvi kwenye chombo safi, 1.025, nyuzi 26, pampu izunguke. Hamishia humo matumbawe na kila asiye samaki, na amonia ya hapo pima kila siku kwa kuwa hakuna bakteria. Samaki waende chombo kitupu, bila jiwe wala mchanga. Huko ndiko utawatibu kwa shaba, ukiipima. Tangi kubwa badilisha robo ya maji, rudia kila baada ya siku mbili, na uweke makaa ya kuchuja pamoja na resini ya kunasa shaba. Likae bila samaki wiki 11 hadi kidudu kife kwa kukosa pa kukaa. Na usirudishe tumbawe hata moja kabla kipimo cha shaba hakijasoma sifuri mara kadhaa mfululizo, maana mawe yanaweza kuitoa polepole.

Kasa Mpole: Nimeazima kipimo cha shaba, inasoma 0.10. Maji mapya yanazunguka. Skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inafurika tangu Jumatano, niizime?

Ngisi Mzee: Usiizime, inaleta hewa na samaki wako anaihitaji. Punguza kimo cha maji ndani yake tu, na kikombe ukimwage.

Kasa Mpole: Sawa mzee. Nyuma ya pampu nimemkuta kaa mdogo, yule anayeishi ndani ya kombe, bado anachezesha masharubu. Namtoa yeye kwanza.