Mguu unaoteguka tena na tena

Ndugu zangu, hamjambo? Niko Hamburg. Januari niliteleza kwenye barafu alfajiri nikienda kazini, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Nikakaa nyumbani wiki mbili, uvimbe ukaisha, ila mpaka leo nikikanyaga vibaya kidogo tu mguu unapinda wenyewe. Juzi kwenye ngazi za stesheni nusura nianguke na mtoto mgongoni. Nimekanda kwa maji moto na chumvi, wapi. Nifanyeje?

---

Pole sana dada. Yalinikuta hayo hayo.

Uvimbe kuisha si kupona. Kano za upande wa nje wa kifundo zikivutika au kuchanika zinalegea, na tena zina mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari mguu umekaaje. Habari ikichelewa, misuli inachelewa kukaza, mguu umeshapinda. Kukanda hakufiki huko.

Dawa yake ni mazoezi. Mimi nilikuwa nasimama kwa mguu ule mmoja nikipiga mswaki, kidole kikigusa sinki. Siku za kwanza hata nusu dakika sikufikisha, kifundo kinatetemeka, vidole vinang'ang'ania sakafu. Baadaye nikafumba macho, halafu nikasimama juu ya mto. Hesabu miezi, dada, usikate tamaa. Kwenye ngazi na barafu vaa kile kifungio cha kifundo chenye kamba. Mguu ukianza kukwama, au maumivu ya ndani kabisa yasiishe, omba kipimo cha MRI.

Sasa makaratasi, na hapa nisikilize. Kuanguka njiani kwenda kazini Ujerumani ni ajali ya kazi, wanaiita Wegeunfall. Nenda kwa Durchgangsarzt, daktari wa ajali za kazi, mweleze siku, saa na mahali. Matibabu yanalipwa na Berufsgenossenschaft, yaani bima ya ajali za kazi, fiziotherapia huchangii hata senti. Mimi sikusema niliangukia wapi, nikaandikiwa kama mgonjwa wa kawaida: yuro 10 kwa kila karatasi ya daktari, na juu yake asilimia 10 ya gharama. Iliniuma.

---

Asante kaka. Lakini ni miezi mitatu sasa, na kazini sikumwambia mtu kwamba nilianguka njiani.

---

Nenda hivyo hivyo, kuchelewa hakufuti haki yako. Mwambie mwajiri kwa maandishi, leo. Ukishindwa kwenda kazini zaidi ya siku 3 kwa ajili ya ajali, yeye ndiye anayetakiwa kupeleka taarifa Berufsgenossenschaft. Na kama kuna aliyekuinua pale kwenye barafu, mtafute awe shahidi wako.