Gauni la kanga: jina likae wapi?

Swali: Mteja yuko Ujerumani, anataka gauni la doti moja (kanga mbili), jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lisomeke mbele. Nikate vipi?

Jibu: Fua kwanza, wanga utoke na kitambaa kirudi, vinginevyo litambana akishalifua. Kila kanga ni takriban sentimita 150 kwa 110. Kanga ya kwanza ikunje katikati kabisa ya jina. Mkunjo huo ndio katikati ya sketi mbele. Pindo la chini (ukingo wenye nakshi) ndilo upindo wa sketi, kunja sentimita 1 tu. Usipitishe mshono wala marinda kwenye jina, herufi zitamezwa.

Jibu: Kanga ya pili itoe blauzi, pindo lake mikononi.

Jibu: Mfafanulie jina kabla hujashika mkasi. Kanga ya kijembe ikivaliwa harusini, Waswahili waalikwa watajua inamsema nani.