Naomba ushauri: darubini ya kuanzia inaonyesha nyota zenye mikia, niiuze au nifanyeje?

BabaChausiku (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo nitakalojutia. Nina darubini ya lenzi, ya aina wanayonunua watu wanaoanza: lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hiyo hadi mahali mwanga unapokutana) ni milimita 700, na imekuja na lenzi tatu za jichoni za milimita 25, 10 na 4, pamoja na kile kibomba kinachozidisha ukuzaji mara 3. Kwenye boksi lake imeandikwa kwamba inakuza mara 525.

Tatizo ni kwamba haionyeshi kitu cha maana. Sayari ni donge la mwanga lisilo na ukingo, na nyota hata nizungushe kirekebishi namna gani hazikazi kuwa nukta. Binti yangu wa miaka 11, ambaye hasa ndiye mwenye darubini, anasema nyota zimeota mikia. Swali langu ni moja tu: niiuze nichukue kubwa zaidi inayokuza mara 675, au ipo lenzi ya jichoni itakayoniokoa? Muuzaji wa hiyo kubwa anasubiri jibu langu keshokutwa, kwa hiyo naomba tusitawanyike.

MzeeWaLenzi

Mkuu, namba ya kwenye boksi isikuzuzue. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jichoni. Kwa hiyo lenzi yako ya milimita 25 inakuza mara 28, ya 10 inakuza mara 70, na ya 4 mara 175. Ukiiwekea hiyo ya mwisho kizidishio cha mara 3 ndipo wanapoipata 525 yao. Lakini mwanga ulioingia ni uleule uliopita katika duara la milimita 70, nawe unautandaza kama rangi kidogo inayopakwa ukuta mzima. Kanuni tuliyoizoea ni ukuzaji usiozidi mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mara 140 kwako, na hiyo ni katika usiku ambao hewa imetulia kwelikweli. Ile ya 675 unayoitamani, kama kipenyo chake hakijaongezeka sana, ni ahadi hiyohiyo yenye namba ndefu zaidi.

Kizidishio na lenzi ya milimita 4 viweke kwenye droo. Anza na ya 25 kila mara. Kisha nijibu mawili: unatazamia nje au dirishani, na je, darubini hii iliwahi kuonyesha vizuri hata usiku mmoja?

Mlinzi_wa_Zamu

Mimi ningekushauri uachane na darubini kabisa kwa mwaka wa kwanza, utafute ya macho mawili, ile inayokuza mara 7 au 10 yenye lenzi za milimita 50. Kilimia kinajaa kwenye duara lake chote kwa pamoja, jambo ambalo darubini nyingi za kukuza sana haziliwezi, na hakuna cha kufunga wala kufungua.

Nami nilianza kama wewe. Nilitazama Mirihi kwa muda wa saa nzima, nikaita jirani, nikamweleza habari za vumbi jekundu na barafu za kwenye ncha zake, naye akasikiliza kwa adabu sana. Alipomaliza kutazama akaniuliza kwa upole kama Mirihi nayo huzimwa asubuhi, kwa sababu ile ilikuwa taa ya mnara ambayo yeye huiona kila siku akienda kazini. Tangu hapo, kabla sijamwita mtu yeyote, nasubiri dakika kumi nione kama kitu changu kimesogea.

BabaChausiku

Nashukuru, lakini sikuuliza habari za darubini ya macho mawili. Mzee, tunatazamia nje, si dirishani, na tunaitoa nusu saa kabla ili ipoe ilingane na hewa ya nje, kama maelekezo yanavyosema. Mwanzoni ilikuwa nzuri. Usiku mmoja, saa sita, tuliitazama Zuhura ikiwa juu utosini, inang'aa, na kando yake vinyota vimejipanga mstari mmoja. Sasa hivi hata hiyo ni donge. Nadhani lenzi za bei rahisi huchoka, na ndiyo maana naona bora nibadilishe.

BiMkubwa_wa_Anga

Kaka yangu, kioo hakichoki. Kinachochoka ni subira ya mtu. Vijana wa siku hizi mnataka usiku wa kwanza muone kama zile picha za rangi zinazopigwa kwa saa nyingi na kuunganishwa kwa kompyuta, ilhali jicho huona Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi angani, kama pumzi ya kijivu kwenye kioo, na ni nzuri hivyohivyo kwa anayejua anatazama nini. Anzeni na Mwezi ukiwa nusu, si mpevu. Mwezi mpevu unamulikwa moja kwa moja kwa upande wetu, vivuli vinapotea, unakuwa kama sahani. Ukiwa nusu, tazameni ule mstari unaotenganisha mwanga na giza, ambapo milima inatupa vivuli virefu na mashimo yanaonekana kama yamechimbwa jana.

Thomaso

Samahani kwa kukata maongezi, lakini hakuna aliyeona alichoandika mleta mada? Zuhura saa sita ya usiku, tena utosini. Zuhura inazunguka ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo kwa macho yetu haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Utaiona magharibi baada ya Jua kuzama au mashariki kabla halijachomoza, lakini usiku wa manane huku kwetu tunakoishi watu wengi imeshazama au haijatoka. Aidha, Zuhura haina mwezi hata mmoja, sasa hivyo vinyota vilivyojipanga mstari vilitoka wapi?

Mimi naona huu ni uzi wa kutungwa. Tuna mtu mwenye kifaa kinachoharibika bila sababu, binti wa kutia huruma, na muuzaji mwenye darubini kubwa anayesubiri keshokutwa. Kesho atakuja mwingine kutaja jina la huyo muuzaji.

Kupatwa

Hata mimi nilishangaa. Ila kama ni tangazo, basi ni tangazo la kwanza nililoona ambalo limeanza kwa kumruhusu Mzee kuiponda bidhaa.

BabaChausiku

Sikutegemea kuitwa mwongo mbele za watu. Sijui majina ya sayari zote, na jina la Zuhura nililitaja kwa sababu ndiyo inayong'aa kuliko zote, ndivyo nilivyofundishwa. Binti yangu ana daftari, na kila usiku huchora duara kwa kuzungushia kifuniko cha chupa, kisha anachora anachokiona ndani yake. Daftari ninalo mkononi. Usiku huo amechora duara dogo lenye mistari miwili iliyofifia, vinukta vitatu kushoto na kimoja kulia, vyote kwenye mstari mmoja. Usiku uliofuata, viwili kushoto na viwili kulia. Kurasa nne mbele kuna kitu kama kifaranga kilichonyeshewa, na chini yake ameandika: "Nyota zimeota mikia." Mtu anayetunga uongo hachori vifaranga.

MzeeWaLenzi

Thomaso ameuliza swali zuri, na daftari limejibu vizuri zaidi. Hiyo si Zuhura, ni Mshtarii. Vinukta vinne ni miezi yake mikubwa, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610 kwa darubini ya kukuza mara 20 hivi, duni kuliko hii. Wa ndani kabisa huizunguka sayari kwa muda usiofika siku mbili, ndiyo maana mpangilio ulibadilika kwa usiku mmoja. Mtu aliyedhani anatazama Zuhura hawezi kubuni jambo hilo likaangukia penyewe. Ninamwamini mtoto.

Ila daftari hilohilo linakushtaki, mkuu. Darubini iliyoonyesha mistari miwili ya mawingu ya Mshtarii ilikuwa na lenzi nzima na iliyokaa sawa. Nyota yenye mkia upande mmoja, isiyokaza hata kwa ukuzaji mdogo, si suala la kipenyo, wala hewa, wala lenzi ya jichoni. Kuna kitu kilichotokea kati ya ukurasa wa Mshtarii na ukurasa wa kifaranga. Nini kilitokea?

Thomaso

Ninasubiri jibu hilo pia.

BabaChausiku

Sikuona kama lina uhusiano, ndiyo maana sikulitaja. Kulikuwa na alama ya kidole kwenye lenzi ya mbele, na kwa ndani kama ukungu. Nikafungua ile pete ya mbele ili nifute pande zote mbili. Sikujua kwamba ni vioo viwili. Viliteleza vyote viganjani, kimoja kikageukia juu ya kingine, na kati yao vilidondoka vipande vitatu vidogo vya karatasi ya kung'aa, ambavyo nilidhani ni takataka za kiwandani, nikavitupa. Nikafuta kwa shati safi, nikarudisha, nikakaza pete kwa nguvu ili visicheze tena.

Lakini hata kama ndivyo, kila kitu kilirudi mahali pake na hakuna kilichovunjika, kwa hiyo bado naona kununua nyingine ni njia safi. Binti nimemwambia kwamba ya kwanza ilikuwa na kasoro ya kiwandani, naye amekubali. Nikipata hiyo kubwa, mambo yote yatakwisha kimya kimya.

Kupatwa

Takataka za kiwandani tatu, zilizopangwa kwa umbali sawa. Mkuu, hata takataka zingejitetea.

MzeeWaLenzi

Usiuze bado. Vioo viwili vimewekwa makusudi, kwa sababu kioo kimoja peke yake hupinda kila rangi kwa kiasi chake na nyota ikawa na ukingo wa zambarau. Cha mbele kimebenuka pande zote mbili, cha nyuma kimebonyea upande mmoja na upande wa pili ni kama bapa, na kila kimoja kinasahihisha kosa la mwenzake. Katika mpangilio uliozoeleka, ambao asili yake ni Fraunhofer, mtengeneza lenzi wa Ujerumani, miaka zaidi ya 200 iliyopita, kioo kilichobenuka kinatangulia kuelekea angani, na upande wake uliobenuka zaidi unatazama ndani, kwa mwenzake. Ukikigeuza, darubini haitakaza tena hata uizungushe mpaka asubuhi. Zile karatasi tatu ndizo zilizoacha nafasi nyembamba ya hewa kati ya vioo, tena nafasi iliyo sawa pande zote. Bila hizo, kioo kimeinama, na mkia unatokea hapo.

Tandika kitambaa laini mezani. Fungua pete, toa vioo kwa kuvishika ukingoni tu. Angalia ukingoni kama kuna alama ya penseli, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huchora mshale unaopita kwenye vioo vyote viwili. Kata vipande vitatu vidogo vya karatasi nyembamba ya metali, ukubwa wa nusu punje, uvipange ukingoni kwa umbali sawa. Rudisha, kisha kaza pete mpaka iguse tu. Ukitikisa taratibu ukasikia kioo kinacheza kidogo sana, hapo umepatia. Ukikaza kwa nguvu, pete inakibana na nyota inakuwa na pembe tatu.

BiMkubwa_wa_Anga

Na mtoto ukae naye mezani, kaka. Amechora ushahidi wote kwa mkono wake, halafu unamwambia kosa ni la kiwanda?

BabaChausiku

Dada, nimekuelewa, ila kila mzazi anajua namna ya kulinda heshima nyumbani kwake. Hilo niachieni mwenyewe. Nitafungua usiku akiwa amelala.

Thomaso

Nilisema uzi umetungwa, na hilo nalifuta. Lakini ukishafunga, usiishie kusema imekuwa nzuri. Tafuta nyota moja angavu iliyo juu, tumia lenzi ya milimita 10, kisha potosha fokasi kidogo kwa ndani, halafu kidogo kwa nje. Unatakiwa kuona duara lenye pete ndani ya pete, zenye kitovu kimoja, na pande zote mbili zifanane. Kitovu kikihamia ukingoni, kioo bado kimeinama. Pete zikiwa na pembe, umebana. Tuletee hilo, maana hilo halitungiki.

BabaChausiku

Naleta mrejesho baada ya usiku wa tatu. Nilifungua peke yangu kama nilivyosema, nikabaki na vioo viwili mezani bila kujua kipi kilikuwa cha mbele, na ilinilazimu kumwamsha, kwa sababu yeye ndiye mwenye macho ya kuona alama ndogo. Alama ya penseli ipo, ilikuwa imepishana kabisa, na kioo cha mbele nilikuwa nimekigeuza. Karatasi tatu amekata yeye. Hakusema mengi, ila aliniuliza kama kiwanda nacho kina shati.

Jana mawingu yaliachia kidogo. Kwa lenzi ya 25, nyota ni nukta na mkia umekwisha. Nikipotosha fokasi, pete zina kitovu kimoja, lakini kwa mbali zina pembe tatu, na amezichora hivyo kwenye daftari. Muuzaji nimemwambia asinisubiri. Pete niilegeze kiasi gani?

MzeeWaLenzi

Robo mzunguko, kisha utazame tena. Bado kukiwa na pembe, robo nyingine.