Amplifaya inazima bezi ikigonga, taa nyekundu inawaka. Nianzie wapi?

Mleta uzi, Uyole:
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Noah, ruti yangu kubwa ni Mbeya–Tukuyu. Nyuma nimefungiwa amplifaya ya chaneli mbili, zimeunganishwa zisukume sabufa moja ya inchi 12. Sauti ikiwa chini, muziki unapiga safi. Nikifika nusu, bezi ikigonga kwa nguvu, taa ya kijani inageuka nyekundu na sabufa inanyamaza. Spika za milangoni zinaendelea kama kawaida. Nikizima redio na kuwasha tena, inarudi. Taa za mbele za gari hazififii. Fundi mmoja anasema amplifaya imekufa, mwingine pale Mwanjelwa anataka aniuzie kapasita ya kuongezea umeme bezi ikigonga. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mdau wa Tukuyu:
Pole kaka. Sabufa yako ina koili moja au mbili? Koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli mbili zikiunganishwa hivyo zinataka isipungue 4. Hapo lazima ijilinde kwa kujizima. Chomoa waya za sabufa, weka mita kwenye omu, utuambie.

Mleta uzi:
Koili moja. Mita inasoma 3.6.

Mdau wa Tukuyu:
Basi sabufa ni nzima. Ya omu 4 huwa inasoma pungufu kidogo hivyo hivyo.

Fundi umeme, Mafinga:
Kamwene. Mkuu, jibu umeshaliandika mwenyewe: taa za mbele hazififii. Maana yake betri na alteneta vinahimili, umeme unapotelea njiani kwenda nyuma, na amplifaya ikikosa volti inajizima. Kapasita iache dukani.

Fanya hivi, injini ikiwa inanguruma na muziki ukiwa pale pale unapozimia. Pima volti kwenye betri. Kisha pima kwenye amplifaya yenyewe, chanya na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari). Halafu kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: ncha moja ya mita kwenye tundu la ethi la amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, utafute waya mrefu. Bezi ikigonga, hapo isizidi nusu volti.

Mleta uzi:
Nimepima. Betri 13.8. Kwenye amplifaya inashuka hadi 10.4. Ethi hadi hasi ya betri: 2.6!

Fundi umeme, Mafinga:
Umeshampata mwizi. Kati ya volti 3.4 zinazopotea, 2.6 zinaliwa na ethi. Imefungwa wapi?

Mleta uzi:
Kwenye bolti ya mkanda wa siti. Nimeifungua sasa hivi: chini ya kikopo cha waya kuna rangi ya gari imeng'aa kabisa, na pembeni kutu imeanza.

Fundi umeme, Mafinga:
Hiyo bolti irudishie mkanda, ni ya usalama wa abiria, isifungwe waya. Tafuta bati nene la bodi karibu na amplifaya, chungulia chini kwanza usije ukatoboa bomba la mafuta. Piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza kwa bolti na nati, kisha paka grisi juu, maana mvua za Rungwe hazisamehe chuma kilichoachwa wazi. Waya wa ethi usizidi nusu mita na unene wake uwe sawa na wa chanya.

Mama Noah, Iringa:
Naomba niongeze kuhusu hizo volti 0.8 zilizobaki, za upande wa chanya. Kata ncha ya waya, kwangua nyuzi kwa kisu. Ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba. Ikitokea nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hiyo kwa unene ule ule inapitisha umeme kidogo. Kwa wati 500 za kweli weka shaba ya geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya). Na fyuzi ya waya huo iko wapi?

Mleta uzi:
Iko nyuma, karibu na amplifaya.

Mama Noah, Iringa:
Ihamishe leo leo mdogo wangu, ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Ilivyo sasa, waya ukichubuka popote chini ya kapeti na kugusa bodi hakuna cha kuukata, na wewe unabeba watu.

Mleta uzi:
Ndaga fijo, asanteni sana. Fyuzi naanza nayo, ethi inafuata. Nikimaliza napima tena hapo hapo na kuleta namba.